Anti, niende chuo chenye jina au chuo chenye kozi ninayoitaka?

Shikamoo Anti. Naomba jina langu usiliweke maana baba mdogo anazisoma sana hizi safu na hii stori ataijua tu hata nikiificha nusu.

Mimi ni binti wa miaka 19, nimemaliza sekondari, matokeo yangu si mabaya ila si yale ya kuingia udaktari, na kusema kweli udaktari sijawahi kuutaka. Ninachokitaka tangu nina miaka 14 ni fiziotherapia. Sababu ni kaka yangu. Alipata ajali ya pikipiki akavunjika paja na nyonga, akalala kitandani mpaka miguu ikawa miembamba kama fimbo. Madaktari wakampasua wakamaliza kazi yao, lakini aliyemsimamisha kaka yangu ni dada mmoja mfupi tu wa kitengo cha mazoezi. Alikuwa anakuja kila asubuhi anasema leo tunakaa ukingoni mwa kitanda basi, kesho yake anasema leo tunasimama tunahesabu mpaka kumi, kaka anamtukana kabisa kwa maumivu na yule dada anacheka anamwambia "tukana lakini simama". Mimi niko pembeni nimeshika magongo. Siku kaka alipotembea mpaka mlangoni na kurudi nikasema moyoni hii ndo kazi yangu. Sasa hivi yuko fiti, anachechemea kidogo tu, anaendelea na kazi zake.

Sasa Anti nimepata nafasi vyuo viwili na usingizi sina.

Cha kwanza ni chuo kikuu cha zamani, kikubwa, ukikitaja tu watu wanakugeukia. Ila hawajanipa fiziotherapia, wanasema nafasi zilijaa, wamenipa digrii ya Sayansi ya Afya ile ya jumla. Baba mdogo anasema ingia tu, mwaka wa pili unahamia fiziotherapia, na ikishindikana unamaliza halafu unasoma masta ya fiziotherapia, mlango ni uleule.

Cha pili ni kidogo, kiko nyuma ya hospitali moja, na wamenipa fiziotherapia yenyewe. Lakini hiyo kozi ina miaka mitatu tu tangu ianze na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyehitimu. Kwenye tovuti wameandika kozi ina "ithibati ya muda". Nikapiga simu kuuliza maana yake nini, aliyepokea akaniambia usiwe na wasiwasi mdogo wangu, hayo ni mambo ya taratibu tu.

Baba alishafariki, anayelipa ada ni baba mdogo, na yeye ni mfamasia kwa hiyo mambo ya afya anayajua. Anasema kwenye fani za afya jina la chuo linakufuata mpaka unastaafu, na hawezi kutoa hela yake kupeleka mtoto kwenye chuo ambacho hajawahi kukisikia. Mama yeye anasema fanya anachosema baba yako mdogo, ukimuudhi nani atakulipia. Na rafiki yangu wa karibu anaenda hukohuko kwenye chuo kikubwa na tulishapanga mpaka chumba tutakaa pamoja.

Halafu kuna kitu sijamwambia mtu. Kipindi kaka amelazwa kuna siku walikuwa wanafungua bandeji, nikaona kidonda, masikio yakaanza kuvuma, nikazinduka niko sakafuni nesi ananiinua miguu. Ilitokea tena mara moja wakati natolewa damu. Kwa hiyo kuna muda najiambia labda ile digrii ya jumla ndo salama yangu, nitapata muda wa kujijua kama nitaweza au sitaweza.

Nina wiki mbili za kukonfemu. Nikikosea hapa nimeshaharibu maisha. Anti chuo kipi kizuri?

Binti wa magongo

*

Marahaba mwanangu Binti wa magongo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, na nilichoona ni kwamba umeniuliza swali moja lakini ndani yake yako kama matatu. Kuna swali la vyuo, hilo lina majibu na mengi unaweza kuyapata kabla hizo wiki mbili hazijaisha. Kuna swali la baba mdogo na hela yake. Na kuna la kule sakafuni, ambalo nadhani ndo linakukosesha usingizi kuliko hayo mengine, maana umeliweka mwisho kabisa kama mtu anayeomba msamaha.

Nianze na jina la chuo. Baba mdogo hajasema uongo, jina lina faida zake, linafungua baadhi ya milango na linampa mtu kujiamini akiwa mbele ya watu. Lakini fani za afya zina tabia moja ambayo fani nyingine nyingi hazina: huruhusiwi kumtibu mgonjwa kwa kujitegemea mpaka baraza la fani yako likusajili. Na baraza likipokea faili lako swali la kwanza si chuo chako ni maarufu kiasi gani, ni kama kozi uliyosoma ndiyo wanayoitambua. Kozi, mwanangu, si chuo. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, maana chuo kizima kinaweza kuwa na ithibati, yaani kibali cha kwamba kimekaguliwa kikafikia kiwango, safi kabisa na kozi moja ndani yake isiwe nayo, na kinyume chake kachuo kadogo kasikojulikana kanaweza kuwa na kozi iliyokaguliwa ikapita vizuri.

Sasa iangalie ile Sayansi ya Afya kwa jicho hilo. Si digrii mbaya, usije ukaidharau, watu wanaitumia kwenye utafiti, takwimu za afya, uongozi wa hospitali, elimu ya afya. Ila kwa kawaida peke yake haikufanyi kuwa mtaalamu mwenye leseni ya kutibu mtu. Ukiimaliza utakuwa msomi wa afya, na yule dada mfupi atabaki kuwa mtu mwingine. Hilo unalijua? Maana kwenye barua umeiita "salama yangu" na mimi nimejiuliza, salama kutokana na nini.

Baba mdogo anasema mlango wa masta ni uleule. Hapa itabidi mchimbe kidogo, kwa sababu kila nchi ina mlango wake. Marekani siku hizi huwi mtaalamu wa fiziotherapia bila shahada ya udaktari ya fani hiyo, si ule udaktari wa hospitali, inayosomwa kama miaka mitatu juu ya digrii ya kwanza yoyote yenye masomo ya sayansi wanayoyataka, kwa hiyo kule njia ya baba mdogo ndiyo njia yenyewe. Kanada wanaingia kwa masta. Uingereza milango ni miwili, kuna digrii ya kwanza ya fiziotherapia na kuna masta ya miaka miwili kwa mtu aliyesoma digrii nyingine inayohusiana. Sehemu nyingine nyingi mlango ni mmoja tu, digrii ya kwanza ya fiziotherapia, ukiukosa huo unarudi kuanza mwaka wa kwanza na watoto wadogo. Na kuna mtego mwingine humohumo: masta ziko za aina mbili. Ipo inayomfanya mtu kuwa mtaalamu wa fiziotherapia, na ipo ya kumwongezea ujuzi mtu ambaye tayari ni mtaalamu, hiyo ya pili hawakupokei bila usajili. Kwenye karatasi zote zinaitwa masta ya fiziotherapia. Kwa hiyo usiulize kama masta ipo, uliza wanampokea nani, na utakapoimaliza baraza la nchi unayotaka kufanyia kazi litakusajili au halitakusajili.

Kuhamia mwaka wa pili nako usikuchukulie kama kuhama darasa. Kozi hizi zina idadi maalum ya watu kwa sababu ya wodi, si kwa sababu ya viti vya ukumbini. Ukumbini wanaweza kuongeza viti hata hamsini, lakini mgonjwa mmoja hawezi kuguswa goti na wanafunzi ishirini asubuhi moja. Maana yake nafasi inapatikana pale ambapo kuna aliyedisko au aliyeacha, na hiyo nafasi moja mnaigombania wengi wenye stori kama yako. Ofisi ya udahili ukiiuliza "inawezekana kuhama?" itakujibu inawezekana, na haijadanganya. Swali lako liwe hivi: mwaka jana waliomba kuhama wangapi, wakakubaliwa wangapi? Ukipewa namba mbili hizo utajua unapanda basi au unanunua tiketi ya bahati nasibu. Wakikosa kukupa namba, hilo nalo ni jibu la aina yake.

Haya tuje kwenye kachuo. Aliyekupokelea simu amesema ithibati ya muda ni mambo ya taratibu tu. Ni nusu ya ukweli, na nusu hii ya kweli nitaitetea: sehemu nyingi kozi mpya haipewi ithibati kamili mpaka kundi la kwanza lifike mwisho au lihitimu, maana wakaguzi wanataka kuona mkate uliotoka tanuruni, si unga. Kwa hiyo neno "muda" peke yake si aibu. Nusu nyingine, ambayo hukuambiwa, ni kwamba ithibati ya muda inaweza kuishia pande mbili. Ikikamilika mnaingia sokoni kama wengine. Ikikataliwa, wanafunzi waliomo ndani wanaweza kujikuta wana cheti ambacho baraza halikitambui, na hapo usiombe.

Ningekuwa wewe nisingempigia tena yule wa simu. Ningelitafuta baraza lenyewe, mengi yana orodha ya kozi wanazozitambua, niulize hiyo ithibati iliisha au inaisha lini, na ukaguzi unaofuata ni mwezi gani. Halafu ningemuuliza mkuu wa kozi, kwa maandishi: ikikataliwa mna mpango gani na sisi? Chuo kilichojipanga kitakuwa na makubaliano na chuo kingine cha kuwapokea wanafunzi wake. Ambacho hakijajipanga kitakujibu kwa maneno ya imani, tutafaulu tu kwa uwezo wa Mungu, na mimi Mungu namwamini sana ila kwenye hili nataka karatasi.

Halafu hiyo hospitali ya mbele. Umesema chuo kiko "nyuma ya hospitali" na nikahisi hilo limekutuliza. Kuwa jirani na hospitali si sawa na kuwa na mkataba nayo. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Abraham Flexner, alitoa ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada kimoja kimoja, na vingine alikuta maabara zilizotangazwa kwenye vitabu vyao hazipo kabisa, vingine vinajisifia hospitali ambayo wanafunzi wake hawaingii. Vingi vilifungwa au kuunganishwa miaka iliyofuata. Ni zaidi ya miaka mia imepita na brosha bado ni brosha. Nenda siku ya kazi, usiende ile siku ya maonyesho ambayo hata maua yamemwagiliwa. Simama pale nje asubuhi, ukiona wanafunzi wa mwaka wa tatu wamevaa makoti waulize mambo ya kawaida tu: wodini mnaingia mara ngapi kwa wiki, msimamizi mmoja anashika wanafunzi wangapi, wasimamizi wanawafundisha au wanawatuma mafaili, na mlianza wangapi mkabaki wangapi. Hao ndio kundi la kwanza, wao wana hofu kuliko wewe, watakwambia. Na saa za vitendo ziulizie kabisa, maana kwenye fani hizi saa zinahesabiwa. Wauguzi wa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mafunzo yao lazima yafike saa 4,600 na angalau nusu yake iwe kwa wagonjwa. Tiba kazi, ile ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, ambayo ni ndugu wa karibu wa fiziotherapia, shirikisho lake la dunia linataka saa 1,000 za vitendo zisipungue. Kozi ambayo haiwezi kukutajia saa zake ina shida mahali.

Na hayohayo ukaulize kwenye chuo kikubwa, usikionee haya kwa sababu ya jina. Wakijisifia kwamba wanafunzi wao wote wanafaulu mtihani wa leseni, uliza ni asilimia mia ya walioanza kozi au ya walioruhusiwa kuufanya, kwa sababu kuna vyuo vinawazuia wale dhaifu wasikae mtihani ili namba ibaki nzuri.

Sasa lile la sakafuni. Kwanza pole, na usione aibu, kuzirai ukiona damu au kidonda ni kitu cha mwili, mapigo ya moyo na presha vinashuka ghafla na ubongo unakosa damu kwa muda, haina uhusiano na ujasiri wala wito. Madarasa ya afya yamejaa watu walioanguka mwaka wa kwanza na leo wanashona vidonda huku wanapiga stori. Ipo mbinu ambayo mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, aliifanyia kazi miaka ya 1980 kwa watu wenye shida hiyohiyo: unakaza misuli ya mikono, miguu na tumbo sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni, unaachia kidogo bila kulegea kabisa, unarudia mara kadhaa, presha inapanda badala ya kushuka. Inafunzwa, na inawasaidia wengi. Ila kwa kuwa imekutokea zaidi ya mara moja muone daktari kwanza kuhakikisha moyo na damu viko sawa, halafu ndo muongee habari ya mbinu.

Lakini hapa nikuulize kitu kwa upole. Umewaza kwamba digrii ya jumla itakupa muda wa kujijua. Itakujulishaje kama sehemu kubwa utakuwa darasani? Mtu anajijua akiwa wodini, na muda wa wodini hauhitaji digrii ya miaka mitatu, unaweza ukahitaji siku tano. Andika barua kwenye kitengo cha fiziotherapia chochote, omba kukaa pembeni uangalie tu. Na usiangalie wanamichezo wenye magoti yaliyoteguka, omba wakupeleke ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ukaone mtu anavyogongwa kifua makohozi yatoke, omba uone mguu uliokatwa unavyofundishwa upya, mtu aliyeungua anavyonyooshwa kiwiko huku analia, mzee aliyepata kiharusi anavyojichafua katikati ya zoezi na mtaalamu anamsafisha kisha wanaendelea. Wewe uliiona fiziotherapia kwa mgonjwa mmoja, naye alikuwa kijana na akapona. Wengine hawaponi. Labda ukirudi utaitaka zaidi, labda utagundua ulichompendea yule dada ni namna yake na watu, jambo ambalo linaweza kuishi kwenye fani nyingine pia. Vyote viwili ni habari njema kujua sasa kuliko mwaka wa tatu.

Ipo njia nyingine hujaitaja, kuomba kuahirisha nafasi mwaka mmoja. Vyuo vingine vinaruhusu. Ina faida, huenda kachuo kakakaguliwa ndani ya huo mwaka ukajua moja, na ukaomba upya fiziotherapia ya chuo kikubwa. Ina hatari zake, si kila chuo kinakutunzia nafasi, ada inapanda, na mwaka wa kukaa nyumbani bila mpango unaweza kukugeuka ukawa miwili. Ukiiwaza hiyo, iwaze ukiwa na ratiba ya hiyo miezi mkononi.

Rafiki yako mpende, ila chumba ni chumba.

Baba mdogo sasa. Kwanza namheshimu, mtu anayesomesha mtoto wa marehemu ndugu yake hajaribu kukukomoa. Lakini ona, ni mfamasia, na wafamasia nao wana baraza, nao kozi zao zinakaguliwa moja moja. Anayajua haya mambo vizuri, ila kwako ameyaangalia kama baba mwenye hofu. Usiende kwake na machozi wala na kauli ya "mimi nataka". Nenda na majibu ya hayo maswali kwenye karatasi, ya vyuo vyote viwili, hata yale yasiyokipendelea chuo unachokitaka, halafu muulize: baba, hii kozi ingekuwa ya famasi ungeangalia nini? Muombe mwende wote kukitembelea hicho chuo ambacho hajawahi kukisikia. Anaweza akarudi amelainika. Anaweza pia akaona tatizo ambalo wewe na mimi hatukuliona, na hapo itabidi umsikilize kweli. Na mama anachokiogopa ni kuudhi mtu, kwa hiyo umwambie mapema kwamba unaenda kuuliza, si kugomba.

Hilo la kuharibu maisha naomba tulishushe kidogo. Kukosea chuo cha afya kuna gharama, sitakudanganya, saa za vitendo hazihamishiki kirahisi na miaka inaenda. Ila katika njia zako zote hakuna ambayo haina pa kutokea, tofauti ni kwamba kuna za kutokea kwa urahisi na kuna za kutokea kwa kuruka ukuta, na ndo maana nimekusumbua na maswali mengi.

Nimalizie na kitu nilichokipigia mstari. Umeniambia alichosema baba mdogo, alichosema mama, alichopanga rafiki, hadi aliyepokea simu. Kaka yako hujaniambia amesema nini. Umemuuliza? Yeye ndiye aliyelala kwenye kile kitanda na ndiye aliyekuwa anamtukana yule dada kila asubuhi, na bila shaka ana la kusema kuhusu wewe kwenye ile kazi, pamoja na ile siku uliyoanguka, maana alikuwa palepale kitandani anakuangalia. Kaa naye jioni moja kabla hujaenda kwa baba mdogo. Halafu niandikie.

Anti